Haki ya Mwenye Ukoma na Kazi ya Wauguzi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Enyi ndugu zetu wa Tandale, jueni ya kuwa ukoma, uitwao judhamu katika vitabu vya fikihi, una dawa. Kijidudu chake kilitambuliwa na tabibu Hansen wa Norway mwaka 1873. Dawa zake siku hizi hunywewa miezi 6 au 12, na hutolewa bure. Na mgonjwa akisha anza kuzinywa, baada ya muda mchache haambukizi tena.

Lakini ganzi yaweza kubaki. Mtu hukanyaga kaa la moto asijue, donda likaingia, vidole vikapotea. Hapo ndipo ilipo kazi ya muuguzi. Huushika mguu ambao jamaa wanauogopa, akamfundisha mwenyewe kuuloweka katika maji, kuupaka mafuta, kuutazama kila siku, na kutokwenda pekupeku. Basi mwenye ganzi na autazame unyayo wake katika kila udhu. Akiwa na donda linalodhuriwa na maji, katika madhehebu ya Imamu Shafi'i ataosha palipo pazima, na atatayamamu kwa ajili ya palipo na donda.

Wako wasemao: Mtume ameamrisha kumkimbia mwenye ukoma. Imepokewa hivyo, na imepokewa pia ya kuwa alimshika mmoja wao mkono, akala naye katika chombo kimoja. Na hukumu hufuata sababu yake: khofu ya kuambukizwa ikiondoka kwa dawa, kumkimbia kwabaki kuwa dhulma.

Nami nakiri kosa langu. Mtu aliyekwisha pona alinipa mkono baada ya sala, nikauficha wangu ndani ya kanzu. Hakurudi msikitini. Nilipokwenda kumtaka radhi nilimkuta zahanati, na muuguzi, binti mdogo, amepiga magoti akimwosha mguu kwa mikono yake miwili. Niliona haya, mimi niliyesomesha vitabu miaka mingi. Nikamkumbuka Rufaida wa kabila la Aslam, aliyewauguza majeruhi hemani katika msikiti wa Madina, baada ya vita vya Khandaki, mwaka wa 5 Hijriya.

Basi aonaye baka mwilini lisilo na hisi asilifiche, aende kwa wauguzi mapema. Na sisi tulio wazima tusiwaachie wao peke yao kazi hii: tumzuru mgonjwa, tumpe mkono, wala tusimwachie nafasi tupu katika safu.

Wallahu aalam bissawab.