Puto Tumboni: Njia ya Mkato ya Nani?

Mara mbili kwa mwezi, Jumapili asubuhi, baadhi ya barabara kubwa za Kigali hufungwa ili magari yasipite na watu wapate kutembea na kukimbia. Utaratibu huu ulianza mwaka 2016. Jumapili moja nilimsindikiza shangazi yangu kutoka nyumbani kwake Kimihurura. Kabla hatujafika kwenye mzunguko wa Kigali Convention Centre alisimama, akashika goti, akavuta pumzi. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nafikiria kwenda Dar es Salaam kuwekewa puto."

Mchana, tukiwa mezani, alirudia maneno hayo mbele ya kaka yake. Baba mkubwa akacheka. "Hiyo ni njia ya mkato. Mtu mzima ashindwe kufunga mdomo mpaka afungwe tumbo?" Tukacheka sote, na mimi nikiwemo. Shangazi alisogeza sahani yake pembeni, akaenda jikoni. Insha hii imetokana na kicheko kile. Swali lake ni hili: je, mtu anayepunguza unene kwa kifaa kilichowekwa tumboni amekwepa wajibu wake?

Kwanza tueleze puto lenyewe. Ni mfuko laini wa silikoni ambao daktari huupitisha mdomoni ukiwa umekunjwa, akiongozwa na mpira mwembamba wenye kamera. Ukishafika tumboni hujazwa maji ya chumvi, kiasi cha mililita 400 hadi 700. Mgonjwa hapasuliwi. Puto huchukua nafasi, chakula hukawia kutoka tumboni, na mtu hushiba mapema. Aina inayojulikana sana hutolewa baada ya miezi sita. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kutoa huduma hii mwaka 2022, na habari zake zimefika mpaka kwetu.

Wazo hili si jipya, wala halina hatari. Puto la kwanza kuidhinishwa Marekani liliruhusiwa mwaka 1985, na baada ya miaka michache likaondolewa sokoni kwa sababu ya madhara yake na faida yake ndogo. Mkanda wa kubana tumbo uliruhusiwa huko mwaka 2001, ukapendwa sana, kisha wagonjwa wengi wakarudi kuutoa. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilitoa tahadhari kuhusu vifo vya baadhi ya wagonjwa waliowekewa maputo. Na hata pasipo na hatari kubwa, siku za mwanzo ni za kichefuchefu na kutapika. Kwa hiyo anayesema kwamba puto ni mteremko hajauliza vizuri.

Hata hivyo, hoja ya baba mkubwa si ya kupuuzwa. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tunaamini kwamba kitu chema hupatikana kwa jasho, na kinachopatikana bila jasho hakina sifa. Aristotle naye alitofautisha watu wawili: yule anayeshindana na tamaa yake akaishinda, na yule mwenye kiasi ambaye tamaa yake haimvuti tena kwenye ubaya. Mwenye puto haonekani kuwa yeyote kati yao. Hali kidogo kwa sababu ameshinda, bali kwa sababu hakuna nafasi tumboni. Sifa iko wapi?

Nina majibu matatu. La kwanza ni kwamba kujifunga mwenyewe ni tendo la nia pia. Katika hadithi ya Wayunani, Odysseus alijua kwamba akisikia wimbo wa ving'ora wa baharini atapotea, hivyo akaamuru mabaharia wake wamfunge kwenye mlingoti kabla hawajafika. Hakuna msomaji anayemwita mzembe. Alijua mwisho wa nguvu zake, akajipanga mapema. Mtu anayekwenda hospitali akiwa na akili timamu, akasema, "Nisaidieni, peke yangu nimeshindwa," amefanya uamuzi mgumu kuliko sisi tuliokaa mezani tukicheka.

La pili ni kwamba afya si tuzo. Aliyelala bila chandarua akapata malaria hapewi nusu ya dawa ili ajifunze. Hatumwambii mwenye miwani akodoe macho mpaka astahili kuona. Kwa nini basi unene peke yake tuutibu kwa mahubiri?

La tatu linahusu mwili wenyewe. Mtu anapopungua sana, homoni ya njaa huongezeka na mwili huanza kutumia nguvu kidogo kuliko mwanzo, kana kwamba unajihami dhidi ya ukame. Shangazi aliwahi kupungua kilo tisa kwa mwaka mmoja. Zikarudi kumi na moja. Sisi tuliziona kilo zilizorudi, hatukuuona mwaka mzima wa kulala na njaa. Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Msomaji anaweza kuleta pingamizi la haki. Katika nchi ambayo utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2019-2020 ulikuta kwamba asilimia 33 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, inakuwaje mtu atumie fedha nyingi kupunguza shibe? Pingamizi hili lina uzito, hasa kama fedha ni za umma. Lakini shangazi atatumia akiba yake, na ana shinikizo la damu ambalo daktari amemwonya nalo. Mbona swali hili hatumuulizi jirani anayenunua gari la pili? Tukimuuliza mgonjwa peke yake, tunachotafuta si haki, ni mtu wa kulaumiwa.

Sasa nifike mahali ambapo hoja yangu mwenyewe inanisumbua. Miezi sita itakwisha na puto litatolewa. Wengi uzito huwarudia, kwa sababu wanarudi mahali pale pale walipotoka. Shangazi atarudi wapi? Asubuhi atapanda pikipiki mpaka ofisini. Kutwa atakaa mbele ya kompyuta. Mchana atakula melanje, ambayo unajipakulia mara moja tu, kwa hiyo kila mtu hujaza sahani wali, viazi, ndizi, tambi na maharage mpaka kilele kitikisike. Jioni atatembelea watu, na akikataa chakula atakuwa amemkosea mwenyeji. Akinenepa kidogo tutamsalimu, "Umenawiri!" Akizidi kunenepa tutamcheka. Akiugua tutamwambia afunge mdomo.

Hapo ndipo ninapoiona njia ya mkato, na si yake. Ni yetu. Tungependa mfuko wa maji ndani ya tumbo la mtu mmoja ufanye kazi iliyopaswa kufanywa na familia, ofisi na mji. Tungependa vilevile lawama juu ya kichwa cha mtu mmoja ifanye kazi hiyo hiyo. Anayesema "funga mdomo" na anayesema "weka puto yaishe" wanafanana kwa jambo moja: wote wawili hawahitaji kubadilisha chochote mezani kwao.

Sisemi kwamba shangazi hana wajibu. Anao. Anapaswa kuuliza madhara, kujua ni nani atakayemhudumia akiwa amesharudi Kigali na puto bado limo tumboni, na kujifunza kula upya katika miezi hiyo sita. Lakini wajibu wake haufuti wetu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Jiji lililoweza kufunga barabara zake Jumapili ili watu watembee limekwisha kukiri kwamba afya ya mtu haitegemei nia yake tu. Familia nayo inaweza kukiri hivyo kwa mambo madogo: kutomlazimisha mgeni kuongeza, kupunguza mafuta kwenye sufuria ya wote badala ya kumpikia mgonjwa chakula chake cha adhabu, na kutembea naye.

Jibu langu, kwa hiyo, ni kwamba mwenye puto hajakwepa wajibu wake. Swali lililobaki ni kama sisi tunaomzunguka hatujaukwepa wetu. Shangazi bado hajaamua, na uamuzi ni wake na daktari wake. Baba mkubwa bado anaiita njia ya mkato. Mimi nilimwomba shangazi radhi kwa kicheko cha siku ile. Alinijibu, "Radhi nimekupa. Jumapili ijayo uje mapema, kabla jua halijawa kali."