Chanjo ya Binti na Dhamiri ya Baba

Baba mmoja, Mkristo mwema mwenye watoto watano, ametuandikia barua. Asema kwamba shuleni kwa binti yake, aliye na umri wa miaka 12, ililetwa habari ya chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Alipouliza, akaambiwa kwamba ugonjwa huo hutokana na kirusi kinachoambukizwa kwa tendo la ndoa. Hapo akakataa. “Nikikubali,” aandika, “si nitakuwa nimemwambia mtoto wangu kwamba namtazamia atende dhambi? Nami nimemlea awe safi.”

Hatumcheki baba huyu. Swali lake ni swali la dhamiri, na laulizwa na mtu anayeijali roho ya mtoto wake, jambo ambalo siku hizi si la kawaida. Tumeona yafaa kumjibu hadharani, maana twajua kwamba wengi wawaza kama yeye, ila hawaandiki.

Kwanza na tuutazame ugonjwa wenyewe. Mwaka 1842 daktari mmoja wa Verona, katika nchi ya Italia, jina lake Domenico Rigoni-Stern, alitangaza hesabu aliyoitoa katika vitabu vya vifo vya mji ule. Aliona kwamba saratani ya tumbo la uzazi iliwapata zaidi wanawake walioolewa na wajane, na kwa watawa wa kike ilikuwa haba sana. Sababu yake hakuijua. Ilipita miaka zaidi ya 140. Ndipo Mjerumani Harald zur Hausen, mwaka 1983, alipokuta ndani ya saratani hiyo kirusi cha ukoo uitwao HPV, kile cha namba 16, na mwaka uliofuata cha namba 18. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivyo viwili peke yake huleta kama sehemu 70 katika kila 100 za saratani hii.

Hesabu ile ya Verona yafaa isomwe polepole. Mtu akisikia kwamba watawa hawaugui sana, hukimbilia kusema: basi huu ni ugonjwa wa wazinzi. Lakini vitabu vile havikuandika wazinzi. Viliandika wake za watu na wajane, wanawake waliofunga ndoa kanisani, wakazaa, wakawapeleka watoto wao kwenye ubatizo. Kilichowatenga na watawa si dhambi, ni ndoa, na ndoa ni Sakramenti. Msichana aliyefika siku ya arusi yake akiwa bikira, asimjue mwanamume mwingine hata kufa kwake, aweza kuambukizwa na mumewe, na mume mwenyewe asiwe na dalili hata moja. Usafi wake ni ngome, lakini ni ngome ya upande mmoja. Upande wa pili uko mikononi mwa kijana fulani ambaye leo hatujui yuko wapi, analelewa na nani, wala anatembea na nani. Twamwuliza ndugu yetu kwa heshima: wewe umemlea binti yako vema, je, umemlea na mkwe wako?

Na hapa tuseme neno kwa wanaume, hata kama halitapendeza. Makosa ya wasichana twayahesabu kwa vidole. Ya wavulana twayaita ujana. Kijana huzunguka, kisha huoa, hutubu (tumshukuru Mungu akitubu), na toba yake ni ya kweli. Lakini kirusi hakiondoki kwa kitubio. Anayeugua ni yule asiyezunguka.

Wala mtu asiligeuze neno hili kuwa silaha ya kumpigia mkewe. Karibu kila aliyepata kufanya tendo la ndoa hukipata kirusi hiki wakati mmoja wa maisha yake. Kwa walio wengi mwili hukishinda wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki kimya, na saratani huzaliwa baada ya miaka 15 au 20. Kwa hiyo mume anayeshika cheti cha hospitali cha mkewe na kutafuta humo nani aliyekosa, na lini, anatafuta kitu kisichokuwamo.

Sasa tuje kwenye dhamiri. Seminarini hufundishwa kwamba tendo la mtu hupimwa kwa mambo matatu: kitu chenyewe kinachotendwa, nia ya mtendaji, na hali zinazolizunguka tendo. Kitu chenyewe hapa ni kuzuia ugonjwa, nacho ni chema. Nia ya mzazi ni uhai wa mtoto, nayo ni njema. Ubaya, kama upo, hauna budi kukaa katika hali, na ndiko barua ya baba huyu inakouweka: kwamba hofu itaondolewa, na hofu ikiondoka dhambi itaingia.

Basi na tuipime hofu hiyo. Msichana wa miaka 16 anayejaribiwa gizani hawazi ugonjwa utakaomjia akiwa na miaka 40. Pengine hata jina lake hajalisikia. Saratani ni mlinzi afikaye asubuhi, mwizi amekwisha kwenda zake. Wenye elimu huko Marekani na Kanada waliwalinganisha wasichana waliochanjwa na wasiochanjwa, wala hawakuona kwamba waliochanjwa waliwahi zaidi kuanza mambo ya wakubwa. Na hata kama hofu ingemzuia mtu, anayejizuia kwa kuogopa uvimbe bado hajapata fadhila ya usafi wa moyo. Fadhila hiyo hufundishwa nyumbani, kwa mfano wa baba na mama, kwa sala ya jioni, na kwa maneno ya wazi yanayosemwa mapema. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa ugonjwa.

Tuthubutu kwenda mbele zaidi. Tuseme binti ameanguka kweli. Je, baba yake angetaka afe kwa ajili hiyo baada ya miaka 20, akiwa amekwisha tubu, ana mume na watoto wadogo? Wale waliomleta mwanamke mzinzi mbele ya Bwana Wetu walikuwa na mawe mikononi, nao waliyaacha, wakaondoka mmoja mmoja. Sisi hatukupewa ruhusa ya kuyaokota na kuukabidhi ugonjwa uyatupe kwa niaba yetu.

Wako wengine wasiohofu dhambi bali ugumba. Kuuliza si kosa; ni wajibu wa mzazi kujua kinachoingia katika mwili wa mtoto wake, na aliyeulizwa ajibu bila hasira. Jibu ni hili. Chanjo hii ni maganda matupu yanayofanana na ganda la kirusi. Mbegu ya kirusi haimo, kwa hiyo haiwezi kuambukiza wala kuleta saratani. Mojawapo ya chanjo hizo hutengenezwa kwa chachu, ya jamii ile ile iumuayo mkate. Haitokani na chembe za watoto walioavywa, jambo ambalo Mkatoliki ana haki ya kuliuliza, na ambalo Taasisi ya Kipapa ya Maisha ililiandikia mwaka 2005 kuhusu chanjo nyingine. Kwamba yaharibu uzazi, uchunguzi haukuonyesha hivyo. Kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe, maana mara nyingi matibabu yake ni kuondoa kizazi, au kukichoma kwa mionzi.

Wala asiseme mtu kwamba ni jambo la Wazungu lililoletwa bila kupimwa kwetu. Tangu mwaka 2017 wasichana 930 wa Mwanza, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, waliingia katika uchunguzi wa kulinganisha sindano moja, mbili na tatu. Miaka miwili baadaye karibu wote waliopata sindano moja walikuwa bado na kinga mwilini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali sindano moja, na mwaka 2024 serikali yetu, iliyokuwa imeanza chanjo hii nchi nzima mwaka 2018 kwa sindano mbili, ikafuata utaratibu huo. Mabinti wa kando ya Ziwa walisaidia kuwapunguzia maumivu wenzao wa dunia nzima, na ni wachache wanaowashukuru.

Liko jambo moja tunaloliandika kwa aibu. Miaka michache iliyopita, katika parokia moja, mwalimu alituomba tuitangaze chanjo hii baada ya Komunyo. Tuliona kwamba neno “kizazi” halifai kusemwa altareni. Tukasema tutatafuta siku nyingine, na siku hiyo hatukuitafuta. Mwaka huo huo tuliitwa usiku kumpa Mpako wa Wagonjwa mama mmoja wa kigango cha mbali. Alikuwa na miaka 41. Watu walikuwa wakisema amelegea katika dini, kwa kuwa alikuwa ameacha kuja Misa. Kumbe aliacha kwa sababu ya harufu. Ugonjwa ulikuwa ukimtoka, naye hakutaka kuketi karibu na mtu. Alikuwa ametokwa na damu zaidi ya mwaka mzima bila kumwambia yeyote, maana kwake pia neno lile halikufaa kusemwa. Tangu usiku ule hatujui tena ni neno gani lisilofaa altareni, kama laweza kumwokoa mama.

Yule mama, chanjo isingemfaa. Haiponyi aliyekwisha ambukizwa. Kilichomfaa ni kupimwa mapema. Mwuguzi hupaka siki mlangoni mwa kizazi, hungoja kidogo, na mahali penye dosari hugeuka peupe. Dosari ikiwa ndogo huondolewa kwa baridi kali au kwa joto, mara nyingi siku ile ile, na mama hurudi kupika chakula cha jioni. Kwa kukosa jambo dogo namna hiyo, mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania walipata saratani hii na zaidi ya 6,000 walikufa. Kwa wanawake wenye VVU hatari ni mara sita, nao yawapasa kuanza kupimwa mapema na kupimwa mara nyingi zaidi. Hata binti aliyechanjwa atapaswa kupimwa atakapokuwa mtu mzima, kwa kuwa chanjo haizuii kila namba ya kirusi.

Mwisho wa barua yake baba huyu atuuliza: akikubali, na binti akauliza sindano ni ya nini, amjibu nini? Amjibu ukweli, kwa kipimo cha umri wake: kwamba uko ugonjwa unaowaua akina mama, na kwamba kinga yake hupokewa utotoni, kabla mtu hajaolewa. Kama Mungu atamwita utawani, sindano haitampunguzia kitu. Mama yake na aende naye. Na mama huyo, ikiwa amekwisha timiza miaka 30, akiwa pale pale zahanati aulize siku ya upimaji ni ipi.