Ramani ya Kweli Inayopotosha

Je, mtu anaweza kudanganya bila kusema uongo? Tangu nianze masomo ya uzamili, swali hili hunijia kila ninapochora ramani ya watu.

Chukua sensa ya Kenya ya 2019. Kwa kila kilomita ya mraba, Nairobi ilikuwa na watu 6,247, Mombasa 5,495, Vihiga 1,047, Marsabit 6. Nikigawa msongamano huo katika makundi matano yenye upana sawa, na kila kundi nikalipa rangi yake, Nairobi na Mombasa zinakolea, na kaunti nyingine zote 45 zinapata rangi moja iliyopauka. Vihiga, ambako shamba linabanana na shamba, inafanana na Marsabit yenye jangwa la Chalbi. Nikibadili mbinu, kila kundi likapata idadi inayokaribiana ya kaunti, Kisii yenye watu 958 inavaa rangi ileile ya Nairobi. Takwimu ni zilezile. Sijaongeza wala kupunguza hata mtu mmoja.

Wapo wanaosema kosa ni la msomaji: ufunguo wa ramani uko pale pembeni, ausome. Sikubaliani nao. Mchoraji anajua kwamba jicho hufika kwenye rangi kwanza, na mara nyingi huishia hapo. Ukijua mwenzako ataelewa vibaya, nawe ukanyamaza, ukweli wa maneno yako haukutoi lawamani.

Na yupo anayeumia. Kaunti ya Marsabit, kubwa kuliko Nairobi takriban mara mia, ilihesabiwa kuwa na watu 459,785. Rangi iliyopauka humnong'oneza mpangaji aliye ofisini kwamba pale hapana mtu. Mfugaji anayehama na ngamia wake, anayetegemea kisima na malisho ya kiangazi, haachi doa kwenye ramani hiyo. Ardhi ikishaitwa tupu, ni rahisi kuigawa bila kumuuliza.

Ni kweli, hakuna ramani isiyochagua. Lakini ulazima wa kuchagua hauondoi wajibu, ndio unaouleta. Kwa hiyo mimi huchora mbili, nikaziweka bega kwa bega, na chini yake nikaeleza nimegawaje makundi. Msomaji akitatizika kidogo na kuuliza, ni afadhali kuliko kuondoka na uhakika ambao mimi mwenyewe siwezi kuutetea.