Bundi Akilia, Safari Huvunjwa?

Ndugu zangu Waislamu, kitwitwi mdogo mumjuaye ufuoni hufika hata bara, katika mabwawa ya kusafishia maji machafu ya Thika na yale ya mashamba ya kahawa ya Ruiru, tangu Septemba hata Aprili. Ndege wa gramu 25 tu! Huzaliwa kaskazini mwa Urusi, akaikimbia baridi na kuvuka majangwa, wala hapigi ramli. Suratul-Mulk yatuelekeza kuwatazama ndege ili tumjue Mwenye kuwashika angani. Baadhi yetu twawatazamia jambo jingine: bundi akilia usiku, mgonjwa hapelekwi hospitali mpaka kesho. Na Mtume (s.a.w.) alikwisha kuikanusha itikadi ya mkosi wa ndege. Basi mgonjwa huyo akifa alfajiri, lawama ni ya bundi?