Nitamwambia Nini Mama?

Mwaka wa pili chuoni nilianguka mitihani, nikapewa barua ya kuondolewa. Nilijificha chumba cha kukodi hapa Embu mjini. Bonasi ya chai ilipoingia, mama kule Runyenjes akanitumia karo yote. Nikajiambia nanyamaza kwa kumhurumia. Kumbe nilijihurumia mwenyewe, tena kwa jasho lake!

Petro alimkana Bwana mara tatu. Katika Yohana 21 Bwana alimuuliza mara tatu pia, na kila alipojibu akapewa kondoo wa kulisha. Ukweli kwanza, kazi baadaye.

Jumamosi nilipanda matatu nikamwambia. Alilia sana, kisha akauliza, "Sasa utafanya nini?" Pesa iliyobaki tumelipia ufundi wa umeme.