Kiingereza na Haki ya Kujibu

Mnamo Juni 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana katika Chuo cha Makerere, Kampala, kuijadili fasihi ya bara lao. Mkutano huo ulikuwa wa wale walioandika kwa Kiingereza. Mwezi huohuo Shaaban Robert alifariki dunia, baada ya kuandika riwaya, tenzi na insha zilizosomwa kote Afrika Mashariki. Kwa kigezo hicho cha lugha, hakuwa na nafasi katika kikao kile.

Kadhia hii inazua swali ambalo aghalabu tunalikwepa: je, manufaa ya lugha yanaipa haki ya kuwa mizani ya kupimia akili za watu?

Manufaa ya Kiingereza hayana ubishi. Chinua Achebe alikitetea mwaka 1964 kwa hoja kwamba kingeweza kubeba tajriba ya Kiafrika. Hata hivyo, kuenea kwake ulimwenguni hakukutokana na ubora wa sarufi yake, bali na dola ya Uingereza, kisha na uwezo wa kiuchumi wa Marekani. Nguvu hueleza jinsi jambo lilivyotokea. Haithibitishi uhalali wake. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili nacho kilienezwa na biashara na utawala, kikazisonga lugha nyingine. Ni kweli, nasi hatuna budi kukiri. Lakini kosa halihalalishi kosa.

Kwa maoni yetu, dhuluma haimo katika kuandika kwa Kiingereza. Imo katika kumhukumu mtu kwa lugha asiyoweza kujitetea kwayo. Katika hili sisi wahakiki hatuna usafi wa kujivunia. Mimi mwenyewe nimewahi kuchambua kwa Kiingereza mashairi ya malenga mmoja wa Lamu. Wasomaji wa mbali walinisifu, ilhali malenga mwenyewe hakuweza kunisoma, seuze kunisahihisha nilipopotoka.

Julius Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya *Julius Caesar* mwaka 1963, alimweka Shakespeare mbele ya wasomaji wa Kiswahili wampime kwa lugha yao. Mhakiki naye ana deni la namna hiyo: kila anachokiandika kwa Kiingereza kuhusu mtunzi wa Kiswahili, akirejeshe kwa Kiswahili, hata kama kazi hiyo haitamwongezea cheo. Hapo ndipo mtunzi atakapoweza kumjibu.