Mtamba Hana Maziwa, Lakini Analishwa

Andiko: Yakobo 5:7

Leo nataka kuwaambia mahali nilipokosea, na jinsi Mungu alivyonirudi nikiwa nimesimama kwenye zizi la ng'ombe.

Likizo hii ya Agosti tulipeleka watoto wetu wa shule ya Jumapili kujifunza shambani, huko Limuru. Bajeti niliitengeneza mimi. Mnajua nilisomea biashara, na hesabu nazipenda. Basi, chakula na kiingilio cha shamba, ikatoka shilingi 700 kwa kila mtoto. Nikatangaza: asiyelipa kufikia Ijumaa, haendi.

Jumamosi asubuhi wakaja watoto wawili, kaka na dada yake mdogo, sweta zimefuliwa vizuri, mikono mitupu. Mwalimu wao akanivuta kando: "Pasta, si kuna viti viwili?" Nikamjibu, "Bajeti ni bajeti. Tukianza hivi, safari ijayo hakuna atakayelipa." Tukawaacha getini. Viti viwili vikaenda Limuru vikiwa vitupu.

Shambani watoto walifurahi sana. Walilisha ng'ombe majani ya nepia, wakajaribu kukamua. Mmoja akauliza kama kila ng'ombe ana maziwa. Mzee mwenye shamba akacheka. "Hapana, mjukuu wangu. Ng'ombe hana maziwa mpaka azae, na mimba yake ni miezi 9, kama ya mama yako."

Kisha akatuonyesha mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. "Huyu alipokuwa ndama alikunywa kama lita 4 kila siku, maziwa ambayo ningeuza. Sasa anakula majani yangu, na akiugua namwita daktari. Mpaka azae ni miaka 2 na zaidi. Hajanipa hata kikombe kimoja."

Nikauliza, "Mzee, sasa huyu si ni hasara?"

Akanitazama. "Mchungaji, ukipiga hesabu ya leo, ni hasara. Lakini ukimnyima ndama, baada ya miaka michache zizi ni tupu."

Wapendwa, nilinyamaza. Nilikuwa naviona vile viti viwili.

Yakobo anatuonyesha mkulima anayesubiri mvua ya kwanza na ya mwisho kabla ya kuona mavuno. Lakini mkulima hasubiri akiwa amekaa tu. Anasubiri huku analisha, huku anapalilia. Sisi tunakesha tukiombea kizazi kijacho kwa machozi, halafu hicho kizazi kikija getini kuomba kiti, tunatoa daftari!

Kuhesabu si dhambi. Bwana Yesu mwenyewe alifundisha kwamba anayejenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Kosa langu lilikuwa kwamba nilihesabu siku moja tu. Mtoto wa miaka 8 leo hana sadaka kubwa wala haongozi ibada. Yeye ni mtamba. Tukingoja alete maziwa ndipo tumlishe, hatamfikia huyo umri akiwa zizini mwetu.

Jumapili baada ya ibada nilienda nyumbani kwao. Mama yao akanikaribisha chai, akasema, "Pasta, usijisumbue. Waliniambia basi lilijaa."

Basi halikujaa, na wale watoto waliona. Walinisitiri kwa mama yao. Niliomba msamaha, kwa mama na kwa hao watoto wawili.

Desemba tunarudi shambani, Mungu akipenda. Ada itakuwepo, na mwenye uwezo alipe. Ukibarikiwa zaidi, lipia na mtoto mwingine kimyakimya kupitia kwa mwalimu. Lakini nimeiandika juu kabisa ya bajeti mpya: basi haliondoki na kiti kitupu kama kuna mtoto getini.

Na wewe, ni nani umemuacha getini kwa sababu hana cha kukupa leo? Mrudie wiki hii.

Amina.